Mwongozo Kamili wa Msimu wa Tishri: Ibada, Masomo na Kazi ya Haki katika Kusanyiko la Kiyahudi

Kwa mtu aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki, vuli ni mvua, zile mvua fupi zinazoanza kunyesha karibu na Oktoba. Kaskazini mwa Marekani, ninakoishi sasa na ninakotumikia kamati ya sikukuu ya kusanyiko dogo la Kiyahudi, majira tunayoyaita kwa jina hilohilo ni wakati wa majani kubadilika rangi na kupukutika, usiku kurefuka, na baridi kuanza kupenya madirishani. Ndani ya majira hayo unaingia mwezi wa Tishri, ambao kwa siku 23 unabeba Rosh Hashana (mwaka mpya), Yom Kippur (siku ya saumu na toba), Sikukuu ya Vibanda na Simhat Torah (furaha ya kumaliza na kuanza tena Torati), na ambao huwaleta sinagogini hata wale wasioonekana mwaka mzima.

Tatizo ninaloliona mara kwa mara ni kwamba mambo makuu ya msimu huu hupangwa na watu wasiokutana. Rabi na mwimbishaji wanashughulikia ibada, mwalimu wa watu wazima anashughulikia darasa lake, na kamati ya haki inahangaika na magunia ya chakula na barua za kupeleka kwa diwani. Kila mmoja anafanya kazi nzuri, lakini muumini wa kawaida anasikia matangazo matatu yasiyohusiana, na ikifika katikati ya Oktoba amechoka na ameyasahau yote. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine: kusanyiko lichague suala moja tu la haki, lilisome ndani ya maandiko ya sikukuu zenyewe kuanzia Eluli, mwezi unaoitangulia Tishri, na likifika Heshvani, mwezi unaoifuata, liwe na watu, tarehe na fedha za kulifanyia kazi wakati wa baridi. Mfano nitakaoufuata ni wa makazi, yaani wapangaji wanaofukuzwa majumbani, kwa sababu sijaona suala linaloshikamana na sikukuu hizi kuliko hilo.

Kwanza, ikalieni kalenda

Mwaka wa 5787 wa kalenda ya Kiyahudi unaanza machweo ya Ijumaa, tarehe 11 Septemba 2026. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa kwa kirefu kwamba siku huanza magharibi, kwa kuwa kwetu pia usiku hutangulia mchana wake. Hata hivyo, katika kila tangazo andikeni saa kamili ya machweo, maana wageni wengi hukosea hapo. Rosh Hashana yenyewe ni Jumamosi na Jumapili, tarehe 12 na 13. Yom Kippur inaanza jioni ya Jumapili, tarehe 20, na kwisha usiku wa Jumatatu. Sikukuu ya Vibanda inaanza jioni ya Ijumaa, tarehe 25, Shemini Atzereti, sikukuu inayofunga siku za Vibanda, ni Jumamosi ya tarehe 3 Oktoba, na Simhat Torah ni kesho yake, ijapokuwa Israeli na makusanyiko mengi ya madhehebu ya Kireformu huziadhimisha zote mbili kwa siku moja. Tarehe hizi ni zilezile kila mahali: kusanyiko la Wayahudi wa Nairobi huzifuata, na vilevile Abayudaya wa vilima vya Mbale nchini Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Angalieni vizuri jinsi Sabato inavyoangukia, kwa kuwa mwaka huu inagusa karibu kila kitu. Siku ya kwanza ya Rosh Hashana ikiwa Sabato, makusanyiko ya Kiorthodoksi na ya Kikonsavativu hayapigi shofa, yaani pembe ya ibada, siku hiyo, na desturi ya Tashliki, yaani kwenda kwenye maji kutupa dhambi kwa mfano, husogezwa hadi Jumapili. Vivyo hivyo matawi manne ya Sikukuu ya Vibanda hayashikwi siku ya kwanza. Familia iliyomleta mtoto Jumamosi ili asikie shofa, ikaondoka bila kuisikia, ina haki ya kulalamika kama hakuna aliyeitaarifu.

Kwenye karatasi hiyohiyo ya kalenda, chora mstari kuzunguka siku ambazo kuandika na kushika fedha hakuruhusiwi kwa wanaoshika sheria. Saini ya barua, fomu ya kuandikisha wapiga kura na bahasha ya mchango haviwezi kupita mikononi mwa watu siku hizo. Kamati za haki husahau jambo hili, hupanga meza ya kusaini ombi mlangoni asubuhi ya Yom Kippur, kisha hushangaa kwa nini wazee wamekasirika.

Eluli: kuchagua suala na kulisoma

Tarehe 1 Eluli mwaka huu ni Ijumaa, 14 Agosti. Tangu hapo shofa hupigwa kila asubuhi isipokuwa Sabato, na hapo ndipo kamati zote tatu zinapaswa kuwa zimeshakutana katika chumba kimoja. Msichague suala kwa kuangalia habari iliyovuma wiki hiyo. Ulizeni ni nani ndani ya kusanyiko lenyewe ameguswa na jambo hilo, ni nani mjini ambaye tayari analifanyia kazi na anaweza kuwaongoza, na ni kitu gani kinachoweza kukamilika kabla ya Hanuka, sikukuu ya Desemba. Swali la kwanza linataka upole. Katika kusanyiko letu, ambamo sisi sote tulidhani wapangaji wenye shida ni watu wa mtaa mwingine, mama mmoja wa makamo alisubiri wenzake watoke, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amepewa notisi ya siku 30 na hajui wa kumwambia. Alikuwa ameketi safu ya tatu kila Sabato kwa miaka.

Kwa washirika wa nje, tafuteni wale walioanza zamani kuliko ninyi, na mkubali kufuata. Mfano ninaoupenda unatoka Mbale, ambako mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo waliunda ushirika waliouita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Walianza na bei ya kahawa, jambo lililowauma wote kwa pamoja, na ujirani wa dini tatu ukapata mahali pa kukaa.

Mkiwa Marekani, zingatieni pia sheria ya kodi, ambayo tangu mwaka 1954 imezuia mashirika ya hisani yasiyolipa kodi, makusanyiko yakiwemo, kumpigia kampeni mgombea. Kutetea sheria ya nyumba au kuandikisha wapiga kura bila kupendelea chama ni jambo lingine na linaruhusiwa, ila mipaka yake ielezwe na mwanasheria. Uchaguzi wa mwaka huu ni tarehe 3 Novemba, na katika majimbo mengi muda wa kujiandikisha huisha wiki kadhaa kabla, pengine palepale sikukuu zinapokwisha. Kwa hiyo meza ya uandikishaji iwekwe mwezi wa Eluli, Jumapili ya kufungua shule ya watoto, wazazi wanapokuwa wamejaa ukumbini.

Sasa masomo. Sisi hufanya vikao vinne vya Eluli, kila kimoja cha dakika 75, na sehemu kubwa ya muda huo watu husoma wawiliwawili kwa desturi ya havruta: mmoja anasoma mstari kwa sauti, mwenzake anaueleza kwa maneno yake, na hakuna anayeruhusiwa kusonga mbele hadi wote wawili wameafikiana juu ya maana au juu ya kile wanachotofautiana. Mwalimu azungumze dakika 10 mwanzoni na 15 mwishoni, asizidishe. Nakala ziwe na Kiebrania upande mmoja na lugha ya watu upande wa pili, kwa herufi kubwa, na kila jozi iwe na mtu mmoja anayejua kusoma maandiko ya aina hiyo. Msiwaweke wageni peke yao kwenye kona.

Andiko la kwanza liwe Bava Metzia 8:6 katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, na mlitumie kikao kizima. Linasema kwamba aliyempangisha mwenzake nyumba katika majira ya mvua hawezi kumtoa kuanzia Sikukuu ya Vibanda hadi Pasaka, na kwamba majira ya kiangazi lazima atoe notisi ya siku 30. Katika miji mikubwa notisi ni ya miezi 12, iwe mvua au jua. Nimeona andiko hili likibadilisha sura za watu. Wanakuja wakidhani watasomewa maneno mazuri kuhusu huruma, wanakuta kanuni ya pango yenye tarehe, iliyoandikwa karibu miaka 1,800 iliyopita, na tarehe yenyewe ni ile ya sikukuu wanayojiandaa kuisherehekea. Waulizeni: kwa nini mijini muda ni mrefu zaidi? Sheria ya mji wetu inatoa siku ngapi? Kazi ya nyumbani ya kikao hicho iwe kuitafuta sheria hiyo na kuileta. Mkumbushane pia kwamba kinachoonekana hakiwezekani kimewezekana kwingine: mwaka 2017 New York lilikuwa jiji la kwanza Marekani kutunga sheria ya kumpatia mpangaji wa kipato cha chini mwanasheria anapofikishwa mahakamani ili atolewe nyumbani.

Kikao cha pili kichukue Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, Bava Batra 7b, kisa kifupi cha mcha Mungu aliyekuwa akizungumza na nabii Eliya hadi siku alipojenga kibanda cha lango mbele ya ua wake, na Eliya akaacha kuja. Rashi, mfafanuzi wa karne ya 11, anaeleza sababu: lango lile liliwazuia maskini, na kilio chao hakikusikika tena ndani. Kikao cha tatu kiwe ngazi nane za kutoa za Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12, ambapo ya juu kabisa ni kumwinua mtu kwa mkopo, ubia au kazi kabla hajafikia kuomba. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana faida, kwa sababu neno la Kiebrania tzedaka ni ndugu wa sadaka yetu, lakini mzizi wake katika Kiebrania unabeba haki. Anayetoa anatimiza wajibu. Kikao cha nne mwachieni rabi autumie kwa sala za msimu. Selihoti, yaani sala za kuomba msamaha, kwa desturi ya Kiashkenazi (Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki) mwaka huu zinaanza usiku wa Jumamosi, tarehe 5 Septemba, ilhali Wasefaradi (wenye asili ya Uhispania na Ureno) wanazisali Eluli yote.

Mlango

Kabla ya ibada yoyote, kaeni na wale watakaosimama mlangoni. Tangu mauaji ya watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh tarehe 27 Oktoba 2018, na shambulio la Halle, Ujerumani, siku ya Yom Kippur ya 2019, hakuna kusanyiko makini linaloacha mlango wake bila ulinzi. Waarifuni polisi ratiba yenu, wafundisheni watu njia za kutokea, na hakikisheni kwamba walinzi wanajua ni saa ngapi umati unaingia na kutoka.

Lakini ulinzi una watu wanaolipia kuliko wengine. Mwaka wangu wa kwanza Marekani, katika sinagogi ambalo sitalitaja, nilifika jioni ya Kol Nidrei, ibada inayofungua Yom Kippur, nikiwa nimevaa nguo nyeupe na kitabu cha sala mkononi, na kijana wa kujitolea akanielekeza kwa adabu kwenye mlango wa jikoni, akidhani nimekuja kuhudumu. Niliingia, nikakaa nyuma, na sikumbuki neno lolote lililosaliwa usiku ule. Kwa hiyo wafundisheni wapokeaji wenu salamu moja kwa kila mtu bila ubaguzi: wamtakie heri ya mwaka mpya, waulize kama anahitaji kitabu au msaada wa kupata kiti, na kama kuna orodha ya majina basi kila mtu aulizwe jina, mwenye sura inayozoeleka na asiyezoeleka. Fanyeni zoezi lenyewe, watu wasimame mlangoni waigize, maana kwenye karatasi kila mtu ni mkarimu. Mnapofanya zoezi hilo, someni tena kile kisa cha lango na Eliya.

Rosh Hashana

Mwenye masikio ya pwani akisikia shofa hukumbuka siwa ya Lamu, ingawa siwa hupulizwa ubavuni na shofa, pembe ya kondoo dume, hupulizwa nchani. Desturi ni milio 100: tekia ndefu isiyokatika, shevarimu zenye vipande vitatu kama mtu anayeguna, na terua za vipande tisa kama kilio cha kwikwi. Maimonides anaifasiri sauti hiyo kuwa ni wito wa kuwaamsha waliolala. Mpigaji aanze mazoezi mwanzoni mwa Eluli, na awepo wa akiba, kwa kuwa mdomo mkavu hauna huruma.

Hotuba ya siku ya kwanza itaje suala mlilochagua, na ilitaje kwa andiko mlilolisoma, ili wale waliokuwa darasani watambue na wale wasiokuwepo watamani. Mkusanyo wa chakula nao una mpangilio wake mzuri. Mifuko ya karatasi yenye orodha ya vyakula vinavyohitajika hupewa kila familia kwenye Rosh Hashana na kurudishwa kabla ya Kol Nidrei. Mwaka huu Kol Nidrei inaangukia Jumapili jioni, kwa hiyo mchana wote wa tarehe 20 ni wa kupokea mifuko, mradi meza ifungwe kabla ya machweo. Kwa wale ambao hawabebi mizigo siku ya Sabato na sikukuu, mifuko ipatikane wiki moja kabla. Orodha itoke kwa benki ya chakula yenyewe, msikisie.

Tashliki ya Jumapili ni nafasi ya kutembea pamoja, watoto na wazee, tufaha na asali vikiwa vimeshaliwa. Msiigeuze kuwa mkutano wa hadhara.

Siku za toba

Kati ya Rosh Hashana na Yom Kippur kuna siku chache, na kazi yake kubwa haifanyiki sinagogini. Mishna ya Yoma 8:9 inasema waziwazi kwamba makosa kati ya mtu na Mungu husamehewa na Yom Kippur, lakini makosa kati ya mtu na mwenzake hayasamehewi na siku hiyo hadi aende akamridhishe. Maimonides anaongeza kwamba mwenzake akikataa, mkosaji amwendee na watu watatu, na arudie hadi mara tatu. Sisi tuliozoea kuombana radhi mwezi wa mfungo unapokaribia tunalijua jambo hili kwa mwili, na tunajua pia kwamba ujumbe mmoja wa jumla uliotumwa kwa watu wote kwenye simu hauridhishi mtu.

Nashauri kamati ifanye jambo lililo gumu zaidi: iulize kusanyiko lenyewe limemkosea nani. Lile notisi la mama wa safu ya tatu lilitufundisha kwamba tulikuwa na mfuko wa rabi wa kusaidia wenye shida, lakini namna ya kuuomba haikuwa imeandikwa popote. Tulimwomba msamaha. Sasa maelezo yake yamebandikwa nyuma ya kila mlango wa choo, mahali ambapo mtu anaweza kuyasoma bila kutazamwa.

Yom Kippur

Saumu ni ya takriban saa 25, bila chakula, maji, kuoga, mafuta, viatu vya ngozi wala tendo la ndoa. Tangazeni mapema na kwa sauti kwamba afya hutangulia. Mishna ya Yoma 8:5 inaagiza mgonjwa alishwe kwa neno la wataalamu, na wasipokuwepo, kwa neno lake mwenyewe. Wenye kisukari, wajawazito na wanaotumia dawa wazungumze na daktari wao katika Eluli, na pawepo chumba cha pembeni chenye maji na chakula ambako mtu hahitaji kujieleza.

Asubuhi husomwa Isaya 57:14 hadi 58:14. Nabii anawaambia watu wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao kwamba saumu inayotakiwa ni kuwafungulia walioonewa, kuwamegea wenye njaa mkate na kuwaingiza nyumbani maskini wasio na makao. Mwekeni msomaji bora mliye naye, asome polepole, na tafsiri iwe mikononi mwa watu. Kisha mnyamaze dakika mbili. Msiongeze hotuba hapo, Isaya ameshasema.

Ahadi za mchango huchukuliwa jioni ya Kol Nidrei kwa kadi ambazo kingo zake zina vipande vya kukunja, kila kipande kimechapwa kiasi au kazi, ili mtu akunje bila kuandika. Sisi tumeongeza vipande vitatu visivyo vya fedha: kukaa mahakamani asubuhi moja kwa mwezi, kumsindikiza mpangaji kwa mwanasheria, na kumpigia diwani simu. Jina huchapwa kwenye kadi kabla ya sikukuu. Mwaka wa kwanza kadi hazikuwa na majina, na tukabaki na rundo la ahadi njema zisizo na wenyewe.

Alasiri, kabla ya kitabu cha Yona kusomwa, watu wenye njaa na wasio na nguvu ya kwenda na kurudi nyumbani huhitaji mahali pa kukaa. Fungueni chumba, muweke viti duara, na mrudie Bava Metzia 8:6 kwa ajili ya wale waliokosa Eluli. Kwetu kikao hiki kimekuwa na watu wengi kuliko vyote.

Kibanda

Kwa desturi, kigingi cha kwanza cha kibanda hupigwa usiku uleule wa kufungua saumu. Mwaka huu kuna siku nne tu hadi Ijumaa jioni, kwa hiyo mbao ziwe zimeshakatwa.

Kuta zinatakiwa kuwa angalau mbili kamili na sehemu ya tatu, urefu usipungue viganja 10, karibu mita moja, na paa lisiwe juu ya dhiraa 20. Kuta zinaweza kuwa za kitu chochote kisichopeperushwa na upepo wa kawaida. Paa ndilo lenye masharti: liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, lisiwe chini ya mti wala dari, litoe kivuli kingi kuliko jua, na kwa desturi nyota zionekane kupitia matawi. Mtu wa pwani angetumia makuti na fito bila kusita. Huku tunatumia mabua ya mahindi, matawi ya misonobari na mikeka ya mianzi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Funga kuta kwenye uzio au ukuta wa jengo, kwa kuwa dhoruba moja ya Septemba hutosha kukiangusha kibanda cha mita tatu kwa nne. Acha mlango mpana wa kiti cha magurudumu, na usilete mshumaa karibu na mabua.

Ndani yake hushikwa matawi manne: kuti changa la mtende ambalo halijafunguka, mihadasi mitatu, mierebi miwili, na etrogi, tunda la jamii ya limau lenye harufu inayojaza chumba. Yaagizeni mapema, na mierebi ifungwe kwenye kitambaa chenye maji, la sivyo itanyauka kabla ya siku ya tatu.

Desturi ya ushpizini ni kuwakaribisha kibandani Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Musa, Haruni, Yusufu na Daudi, na Zohari, kitabu cha mafumbo ya Kiyahudi, inafundisha kwamba fungu la wageni hao ni la maskini. Kwa hiyo usiku mmoja wa siku za katikati, kati ya Jumatatu 28 Septemba na Alhamisi 1 Oktoba, waalikeni wapangaji na wale wanaowatetea, wale pamoja nanyi, na wao ndio wazungumze kwanza. Wakipenda kunyamaza wanyamaze. Mgeni asiitwe mezani ili atoe ushuhuda kama malipo ya supu. Mwaka jana baba mmoja wa watoto wawili alitazama paa, akashika mlango wa mbao uliokuwa ukicheza kwa upepo, akauliza tunalala humo kweli? Tukasema wengine hulala. Akasema, "Lakini ninyi mna pa kurudi." Hakuna aliyejibu, na chakula kikaendelea.

Mvua ikinyesha, Mishna ya Sukka 2:9 inaruhusu kutoka pale uji mzito unapoanza kuharibika.

Shemini Atzereti, Simhat Torah na Heshvani

Siku ya Shemini Atzereti, tarehe 3 Oktoba, huombwa mvua. Mwimbishaji akianza sala ile, kumbukeni kwamba Mishna ya Bava Metzia imefungua siku zilezile: majira tunayomwomba Mungu anyeshe mvua ndiyo majira ambayo haturuhusiwi kumtoa mtu nje akanyeshewe. Rabi wetu huyasema hayo kwa sentensi moja kabla ya sala, na inatosha.

Simhat Torah ni furaha. Torati humalizwa katika Kumbukumbu la Torati 34 na kuanzwa tena papo hapo katika Mwanzo 1, na magombo huzungushwa mara saba kwa nyimbo na ngoma. Tangu shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, lililotokea siku ya sikukuu hii nchini Israeli, makusanyiko mengi huufanya mzunguko mmoja kuwa wa kimya au wa kumbukumbu. Amueni mapema ni upi, na waambieni wazazi. Waiteni watoto wote chini ya shali moja ya sala, na mwiteni pia mgeni aliyeanza kusoma nanyi Eluli, ashike gombo kwa mara yake ya kwanza. Mfundisheni kabla namna ya kulishika, kwa kuwa ni zito na linaogofya.

Kisha Heshvani, mwezi usio na sikukuu hata moja, na hapo ndipo mipango mingi hufia. Mishna ya Taaniti inaeleza kwamba katika nchi ya Israeli dua ya mvua ndani ya sala za kila siku iliahirishwa hadi tarehe 7 Heshvani, siku 15 baada ya sikukuu, ili msafiri wa mwisho kutoka Yerusalemu afike mto Frati bila kulowana. Tarehe hiyo mwaka huu ni Jumapili, 18 Oktoba, na ndiyo tunayofanyia mkutano wetu. Kadi zilizokunjwa zinamwagwa mezani, kila jina linapigiwa simu palepale, na ratiba ya mahakama ya nyumba inabandikwa ukutani hadi Pasaka, asubuhi kwa asubuhi, watu wawili kwa kila zamu. Mbao za kibanda zinaandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito na kurudishwa stoo. Zamu ya kwanza huanza saa tatu kasorobo asubuhi, na wa kwanza kujiandikisha mwaka jana alikuwa yule mama wa safu ya tatu.